Upande Niliomwelekeza Mkwe Wangu

Ningeweza kukataa. Siku ile katika kikao cha kamati ya timu ningesema hapana, mtafuteni mwingine wa kusimama pale, na hakuna ambaye angenilaumu zaidi ya siku mbili. Nilikuwa katibu wa timu yetu ya Msambweni. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, niliandika barua za timu kwa maofisa, na watu wakinipisha njiani. Nilipenda kupishwa. Nadhani ndiyo sababu sikukataa.

Ulikuwa mwaka uliofuatia machafuko ya Likoni. Watu wa bara waliuawa na wengine wakakimbia na magodoro vichwani, kisha vijana wetu nao wakazolewa na polisi na kupigwa, hata wale ambao siku hizo walikuwa wamelala kwao. Ule moto ulishuka hadi Ukunda na Diani. Hoteli zikabaki tupu. Kwetu Msambweni ulifika zaidi kama hofu: mtu anakujibu salamu, kisha anageuka kuangalia unakoelekea.

Hoteli zilipoanza kupata wageni tena, mpira nao ukarudi. Katika kombe la tarafa tukapangwa na timu ya hoteli moja ya Diani, ya wahudumu, wapishi na walinzi, karibu wote watu wa bara. Mkuu wa polisi akatuita akasema mechi itachezwa kwa sharti moja, mashabiki wa timu hizi mbili wasichanganyike. Siwezi kusema sharti lile lilikuwa baya. Mtu aliyeona yaliyopita angesema vivyo hivyo.

Tabu ilikuwa namna ya kulitimiza. Uwanja wetu haukuwa na ukuta wala tiketi, na watu hawakuvaa nguo za timu. Utamjuaje shabiki wa huyu na shabiki wa yule? Mwenyekiti wetu, muuza samaki mwenye sauti nene, hakuona shida yoyote.

"Wabara wote wakae upande wa mikorosho," akasema. "Wetu wakae upande wa skuli. Tutafunga kamba katikati."

"Na mbara anayeshangilia timu yetu?" mmoja akauliza.

"Wako wangapi hao, bwana? Tuanze kumpimia kila mtu moyo wake njiani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Katibu atasimama penye kamba. Yeye anawajua watu, na uso wake hauna ugomvi."

Kabla hajamaliza kusema, nilikwisha kumwona mtu mmoja akilini mwangu. Nilikuwa na mkwe, mume wa binti yangu wa kwanza. Kwao ni kando ya Ziwa Viktoria. Alikuja pwani akiwa kijana, akapata kazi ya dobi katika hoteli nyingine ya Diani, akasilimu, akamleta mshenga kwangu kwa heshima zote. Wapo jamaa zangu walionung'unika. Nilimpa mke na nikajivunia kumpa. Alipanga nyumba hapo hapo Msambweni, na ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu yetu na kuzipiga pasi hadi wachezaji wakawa wanaogopa kukaa chini nazo. Wakati wa machafuko nilimlaza chumba changu cha ndani, mimi nikalala mlangoni. Majirani walijua na walinyamaza.

Ningeweza kusema pale kikaoni, na mkwe wangu je? Nilinyamaza. Sikuwa na panga mbele yangu safari hii, nilikuwa na watu sita wanaocheka, nami nikacheka nao kidogo.

Siku ya mechi tulifunga kamba ya usumba tangu njia ya kuingilia hadi nyuma ya goli, na kutoka hapo tukaitoa hadi mwisho wa uwanja. Nilisimama penye njia pamoja na askari mmoja. Kazi ilianza kwa mzaha. Mama mmoja wa bara aliyekuwa akiuza mandazi alikuja na beseni lake kichwani.

"Mzee, mimi na mandazi yangu tunaenda wapi?"

"Upande wa mikorosho, mama."

"Haya. Watu wako leo watakula mpira, basi."

Hata askari alicheka. Wakafika mashabiki wa hoteli kwa lori, wakiimba, nikawaonyesha njia yao, wakapita bila neno. Nikaanza kuamini kwamba nina kipaji cha kazi ile.

Kisha akaja mkwe wangu, amevaa shati la kijani, rangi ya timu yetu, amebeba jezi katika mfuko wa gunia uliofuliwa nao pia. Akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jezi ziko tayari?"

"Hizi hapa. Ya golikipa ilichanika kwapani, mama watoto ameishona."

Nikaupokea mfuko. Akageuka kuelekea upande wa skuli, alikokuwa akikaa siku zote, nami nikaweka mkono wangu juu ya kamba.

"Leo utakaa upande ule," nikasema.

Alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka, maana kwetu mtu na mkwewe hawataniani, na alilijua hilo kuliko vijana wengi waliozaliwa hapa.

"Upande ule, baba?"

"Ndio utaratibu. Watu wa bara wanakaa kule."

Akamtazama askari, akawatazama vijana waliokuwa nyuma yangu. Mwenyekiti alikuwa hatua chache tu, amekunja mikono, anasubiri aone kama katibu ataanza kupendelea nyumba yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema, huyu ni wetu, apite. Maneno manne. Askari asingenizuia.

"Sawa, baba," mkwe wangu akasema.

Mkwe habishani na baba mkwe mbele za watu. Nilijua hatanibishia. Nilijificha nyuma ya adabu yake, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote.

Alipokuwa akivuka, kijana mmoja wa kwetu akampigia kelele, "Dobi, leo umerudi kwenu?" Mwingine akadakia, "Mwacheni akafue za hoteli." Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakivaa jezi alizofua.

Tulifunga goli kipindi cha pili. Upande wa skuli wote ukaruka, na kule penye mikorosho, katikati ya mamia ya watu waliokaa kimya, akaruka mtu mmoja mwenye shati la kijani, mikono juu. Alijisahau. Kelele zetu zilipopungua, kijana wa hoteli aliyekuwa nyuma yake akamvuta shati, akapaza sauti.

"We msee, uko side gani? Wamekutema na bado unawashangilia?"

Tuliyasikia maneno hayo ng'ambo ya uwanja kwa jinsi kulivyokuwa kimya upande ule. Watu wetu waliangua kicheko. Mkwe wangu akakaa chini taratibu, akiutengeneza ukosi wa shati lake. Nami nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, na aliponitazama meno yangu yalikuwa nje.

Tulishinda. Hakuna jiwe lililorushwa. Mkuu wa polisi mwenyewe alikuja kutushika mikono, na mwenyekiti akaniambia, "Katibu, umeonyesha kazi." Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikala wali wangu vizuri. Jezi chafu nilimpelekea mkwe wangu nisimkute, nikaziacha barazani kwake.

Binti yangu alikuja baada ya siku chache. Aliketi mkekani pamoja na mama yake, akakataa chai.

"Baba, jezi zile mtafute mwingine."

"Amekasirika?"

"Hajasema amekasirika. Hasemi kitu. Juzi bombani mwanamke mmoja kaniambia nipishe foleni, niende nikateke maji upande wa mikorosho. Na dukani wanamwita hivyo mume wangu, yule wa mikorosho. Tumekaa hapa miaka sita, baba. Wakati watu wakichinjwa hakuna aliyetunyooshea kidole."

"Watu wana mzaha. Watasahau."

"Wewe ndiye uliyewaonyesha," akasema.

Mama yake aliinamisha kichwa. Mimi nilisema mambo ya usalama, ya polisi, ya sharti. Alinisikiliza hadi nilipomaliza, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Hata hapo palikuwa na njia. Ningevaa kanzu, nikaenda kwake jioni moja, nikakaa kwenye kiti chake nikasema, mwanangu, nimekukosea. Lakini nilijiambia kwamba baba mkwe haendi kwa mkwe kuomba radhi, yeye ndiye aje. Nikamsubiri. Kila Ijumaa nilimwona msikitini katika safu za nyuma, na akishatoa salamu anatoka upesi.

Aliyekuja ni yule yule mzee aliyekuwa mshenga wa ndoa yao. Aliketi, akaulizia afya za watu wote wa nyumbani, ndipo akasema. Kijana anaomba ruhusa ya kuhama na mkewe, waende kwao ziwani. Amepata kazi huko. Hataki kumchukua binti wa watu bila idhini ya baba.

"Amekutuma useme hivyo tu?" nikauliza.

"Hivyo tu. Lakini mimi naongeza langu," mzee akasema. "Ukimwita leo, hataondoka. Nimemwona uso. Anangoja aitwe."

Nilisikia mke wangu ameacha kutwanga kule uani, anasikiliza. Nikasema, "Mwambie mke ni wake. Nani amemfunga?"

Mzee alinitazama kama mtu anayengoja sentensi ya pili. Hakuipata. Akachukua kofia yake.

Waliondoka mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa katika mkutano wa timu.

Binti yangu hakunikata kabisa, hana tabia hiyo. Huko nyuma alileta barua, siku hizi hupiga simu Idi mbili, ananiamkia, ananiuliza habari za mguu wangu huu unaouma, kisha tunakosa la kusema. Mama yake aliugua miaka mingi baadaye, akawa akimuulizia kila alipoamka, na alifariki binti yetu akiwa bado njiani. Alikuja kwenye matanga na mumewe, ambaye aliinama na kunipa shikamoo kama zamani. Usiku walilala kwa yule mshenga. Nina wajukuu wanne kule, na ninaowajua kwa sura ni wawili, wale waliozaliwa hapa kabla hawajahama. Nimempoteza binti yangu akiwa hai, na mke wangu alikufa bila kumwona, na wote wawili walijua kwamba ni kwa sababu yangu.