Gari Lililogoma Siku za Jumatano

Gari la baba lilipata ugonjwa ambao hakuna fundi aliyewahi kuusikia: liligoma siku ya Jumatano tu. Jumapili liliwaka mara moja, likawapeleka wazee wangu kanisani, mwendo wa dakika tano kwenye njia tambarare, likawarudisha nyumbani. Jumatano, siku ambayo baba hushuka Moshi mjini kunywa kahawa na madereva wastaafu wenzake, stata ilizunguka mpaka ikachoka na injini haikukohoa hata kidogo. Jirani mmoja alisema gari limeokoka, sasa linakwenda kanisani tu. Baba ni mzee wa kanisa na hakucheka.

Ni gari dogo la Kifaransa. Tulitoka mwaka mmoja, mimi na hilo gari, na sipendi kuulizwa nani kati yetu amezeeka vizuri. Baba aliendesha lori la kahawa maisha yake yote ya kazi, lakini hili ndilo gari pekee alilowahi kuliita lake. Sisi watoto tulizoea kupendwa baada yake.

Mimi natengeneza cherehani Majengo, huko huko Moshi mjini. Kwa hesabu za baba, anayejua cherehani anajua kila kitu kinachozunguka, kwa hiyo baada ya Jumatano tatu za aibu akanipigia simu. Mafundi wawili walikuwa wameshapita. Walibadilisha betri, koili, platini na plagi zote nne, wakaondoka wakikuna vichwa. Vijana wa jirani nao walilisukuma kuteremka hadi kwenye mfereji wakitumaini litashtuka, kisha wakalisukuma kulirudisha juu, na kwa milima ya kwetu hiyo ni kazi ya kumfanya mtu ahame kijiji. Nasikia Jumatano ya tatu walipoona baba anatoka na funguo, walipotelea migombani.

"Shikamoo baba," nikasema nilipofika Jumatano iliyofuata.

"Marahaba. Usianze na betri. Betri ni mpya."

Nikafungua boneti. Chini ya kifuniko cha distributa kuna kidude cheusi cha plastiki kinachozunguka na kugawa umeme kwa kila plagi. Kinaitwa rota. Zamani, wezi wa magari walipozidi, baba aliichomoa kila jioni akampa mama aitunze, maana bila rota gari haliendi popote.

"Rota nimeishika mwenyewe," baba akasema. "Ipo, imekaa vizuri."

Ilikuwepo kweli. Nikaichomoa na kuigeuza juani, nikaona mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, umepita katikati. Rota ikipasuka hivyo, umeme unavujia chini kabla haujafika kwenye plagi. Kidole hakiwezi kuuhisi ufa wa namna hiyo. Lakini kilichonishangaza si ufa. Niliifahamu rota ile. Ndiyo iliyokufa miaka mingi nyuma, na mimi mwenyewe ndiye niliyetumwa mjini kutafuta nyingine. Sasa ilifufukaje? Nikamwambia baba naenda kutafuta msasa, nikaelekea jikoni kwa mtunza rota.

Mama alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage. Nikaiweka rota mezani mbele yake na kukunja mikono kama askari. Hakujisumbua kukana. Akafungua kopo la magadi, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa ilikuwamo rota nzima.

"Jumanne naweka mbovu," akasema huku anakoroga. "Jumamosi narudisha nzima. Jumapili nakaa pembeni ya baba yako, namwambia kuna watu, kuna ng'ombe. Jumatano ataambiwa na nani?"

"Mama, baba anaona."

"Anaona? Mwezi uliopita nilikuwa napanda kutoka sokoni na ndizi kichwani. Akasimamisha gari, akaniambia, karibu mama, nikusogeze, unakwenda kwa nani?" Akauweka mwiko chini. "Kwa nani! Miaka hamsini nimelala naye nyumba moja!"

"Ukamwambiaje?"

"Nikapanda. Ndizi zilikuwa nzito."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Alisema barabara ile ina watoto wa shule asubuhi na korongo upande mmoja, na baba ataua mtoto wa mtu, halafu na yeye atakufa kwa kulijua hilo. Nikamuuliza kwa nini asimwambie. Akaniuliza ni nani aliyewahi kumwambia baba neno juu ya kuendesha, na kama yupo, yuko wapi amsalimie.

Nakiri sikumwamini. Mama na lile gari hawajawahi kupatana, na anajua kukoleza hadithi. Nikatia rota nzima mfukoni, nikarudisha ile mbovu mahali pake, nikaamua kupima mwenyewe. Kusema kweli nilikuwa nafurahia. Si kila siku mtu anapata nafasi ya kumfanyia baba yake mtihani wa udereva.

"Baba, tuangalie kama plagi inatoa moto."

Akachangamka kabisa. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza kwangu nikiwa darasa la nne: chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mtu azungushe stata, wewe tazama cheche ikiruka. Mama akaitwa kushika funguo. Alikaa kwenye usukani ametulia, mkosaji mwenyewe, na kanga yake ina utomvu wa ndizi.

"Piga, mama!"

Stata ikazunguka. Baba na mimi tuliinama, vichwa vinagusana, macho kwenye plagi. Hapakuwa na cheche. Hapakuwa na kitu chochote.

"Umeiona?" baba akauliza.

"Wewe ndiye fundi, baba. Umeona nini?"

"Ya bluu," akasema. "Nzuri kabisa, ina nguvu. Moto upo. Sasa tutafute petroli."

Utani wote ukaniishia. Alikuwa ameshaanza kupapasa bomba la petroli, anaimba kidogo puani kama anavyofanya kazi inapomwendea vizuri, na mimi nilitaka kulia pale pale juu ya injini. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani, ananitazama. Hakuhitaji kuniuliza.

Kwetu, mtu akitaka kuomba radhi kwa jambo zito huchukua jani la isale, ule mmea wa mipaka ya vihamba vyetu vya migomba, akalifunga fundo na kumpa aliyemkosea. Aliyepewa hawezi kukataa, hata kama ni mkorofi wa ukoo mzima. Nikaenda kwenye mpaka, nikachuma jani, nikalifunga, nikamwekea baba mkononi. Alilipapasa, akalitambua kwa vidole.

"Umefanya nini?"

"Plagi haikutoa moto, baba. Rota iliyomo ni ile iliyopasuka. Nzima ninayo mimi mfukoni, na nilijua."

Aligeuza lile jani muda mrefu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa mtoto.

"Na la mama yako, mtunza rota, liko wapi?" akasema hatimaye.

Mama akashuka garini, akaenda mpakani, akarudi na lake. Baba akayashika yote mawili, akakaa kwenye jiwe na kutuacha tumesimama. Kisha akaniambia nitie rota nzima. Nikaitia, nikarudisha plagi, gari likawaka mara moja. Akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango wa abiria.

"Leo endesha wewe. Nione kama bado unavunja gia."

Kushuka naye mjini ni adhabu. Kabla ya kila kona alisema gia ya pili, shika kushoto, tuta hilo, sasa daraja la mfereji, sasa zahanati, achia. Hakukosea hata mara moja. Nilipomtupia jicho nikakuta amefumba macho, nikaelewa ndivyo alivyokuwa akishuka peke yake muda wote huo.

Chini ya zahanati barabara inanyooka. Mama mmoja alikuwa anatembea katikati kabisa, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe uliomfunika mpaka mabegani, hasikii wala haoni nyuma. Baba akasema, "Hapa pako wazi. Kanyaga."

Nikapunguza, nikapiga honi, yule mama akajivuta ukingoni, tukampita taratibu.

"Umempigia nani honi?" baba akauliza.

Nikamwambia.

Hakunitajia kona nyingine. Tulifika karibu na mjini, kwenye joto, ndipo akafungua kioo na kukohoa.

"Cherehani zako," akasema, "zinaweza kukusubiri kila Jumatano?"

Nikamwambia zinaweza.