Mkasi wa Juu ya Kitanda

Nakumbuka Jumapili ile watu wa Kapsokwony walipokuja kumwona mume wangu mgonjwa, na mpaka leo nikichinja jogoo mkono wangu huwa mzito. Keti, mwanangu. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo nitakueleza vile mambo yalivyokuwa, bila kupamba.

Nilikuwa nimeolewa Kabuchai mwaka wa tatu, na Simiyu wetu bado ananyonya. Mume wangu Wafula alikuwa akilima shamba la mahindi kwa ng'ombe, kamba ya nira ikakwama, akainama kuifungua. Ng'ombe mmoja akarusha kichwa kufukuza nzi, na pembe ikampata Wafula chini ya shavu. Taya likavunjika mahali pawili. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ng'ombe ni ng'ombe.

Tulimpeleka Kitale wakampasua. Mfupa waliushona kwa waya, kisha wakayafunga meno ya juu na ya chini pamoja, pia kwa waya, ili taya lisisonge hata kidogo. Wiki sita. Chakula chake kikawa uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa, vyote kwa mrija, kupitia pengo la jino lililong'oka.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja aliniita kando. Alikuwa mama mtu mzima, wa zile jamaa zilizotoka Mkoa wa Kati zikanunua mashamba karibu na Kitale, na wote tulimwita Mama Wanjiru. Alinipa mkasi mfupi, mgumu, wa kukata waya. "Huu ukae karibu na kichwa chake," alisema. "Akitapika, kata haraka asije akasongwa. Kwa sababu ingine yoyote, usiushike." Akanifanya nirudie maneno hayo. Nikarudia kama mtoto wa nasari. Nyumbani niliutundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Wiki tatu nilifanya vizuri, sitajinyima sifa hiyo. Nilisaga wimbi mwenyewe, nikachuja mara mbili, nikamsafisha meno kwa maji ya chumvi kila alipomaliza kunywa. Lakini Wafula alikonda. Akisikia harufu ya ugali alitoka akaenda kusimama huko kwenye miwa mpaka tumalize kula. Na wewe wajua vile sisi tulivyo: mtu ambaye hajagusa ugali, kwetu hajala. Majirani waliniuliza amekula nini, nikisema uji wananitazama kama mtu anayemuua mumewe polepole. Dada yake Wafula alisema kisimani ati siku hizi Nekesa, yaani mimi, ananyonyesha wawili, mtoto na baba ya mtoto. Wanawake walicheka. Na mimi nikacheka pamoja nao, lakini ilinikaa moyoni.

Ndipo ikafika Jumapili hiyo, mwisho wa wiki ya nne. Baba mdogo wa Wafula alishuka kutoka Kapsokwony na watu watano, baada ya ibada. Nikachinja jogoo. Sasa firigisi, ile sisi twaita imondo, ni ya mwenye boma. Mwanamke haili. Mgeni hapewi bila mwenyewe kumpa kwa mkono wake. Niliiweka kwenye sahani mbele ya Wafula, kwa heshima tu, nikijua hataigusa.

Mzee aliitazama imondo, akamtazama Wafula na mrija wake. Hakusema kwa ubaya, ni mzaha wa wazee. "Sasa hii boma ni ya nani?" akauliza. "Kama mwenyewe hawezi kula, si mnipe mimi, nijue leo nimekuwa baba ya watoto hapa?"

Nyumba nzima ilicheka. Wafula aliinamisha kichwa.

Niliingia chumbani nikaushusha ule mkasi, nikamwita. Alipouona mkononi mwangu akatikisa kichwa. "Mama Simiyu, wacha," alisema kwa meno yake yaliyofungwa. "Si zimebaki wiki mbili tu." Nikamwambia uvimbe umeisha, maumivu yameisha, mfupa wa mwanamume mwenye nguvu hauhesabiwi wiki kama ujauzito. Nilisema mengi. Na yeye alikuwa amechoka, mwanangu, njaa ilikuwa imemchosha. Mwishowe alifungua midomo, nikazikata waya moja moja.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilichoka kuchekwa.

Alirudi sebuleni, akaichukua imondo, akaiuma. Wajua imondo ya jogoo mzee ilivyo ngumu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu cha kuwashia jiko kikivunjwa. Wageni walipiga makofi. Jicho lake moja likatoa machozi, wakadhani ni furaha. Alimeza. Alikula na ugali pia, tonge tatu, kisha akasema ameshiba.

Tangu siku hiyo shavu lilianza kuvimba. Nikalifunga kitambaa, nikawaambia watu ni jino. Mdomo ukaanza kunuka. Baba mdogo akatuma majani ya mlimani, nikayaponda nikabandika. Chini ya taya kukatokea kidonda chenye tundu, usaha ukawa unatoka. Kila siku nilijua pa kwenda, na kila siku nilimwona Mama Wanjiru mbele ya macho yangu akinifanya nirudie maneno yake. Siku kumi nilikaa hivyo. Joto la mwili lilipompanda akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, ndipo tukampeleka tena Kitale.

Mama Wanjiru aliangalia mdomo, akaniuliza, "Mama, hizi waya ni nani alikata?"

Nikasema alitapika uji.

Sikiliza hapa vizuri. Neno hilo moja liliwafanya wahofie kwamba uji umeingia kifuani. Wakasema hawawezi kumpa dawa ya usingizi wamsafishe mfupa kabla ya kuhakikisha mapafu ni mazima. Wakampa dawa ya kifua, wakakipima, wakangoja. Siku mbili nilikaa kwenye benchi nikiwaona wakitafuta ugonjwa nilioutunga mimi, na taya likiendelea kuoza. Siku ya pili jioni hakunitambua tena. Nikamfuata Mama Wanjiru mahali anaposafisha vyombo, nikamwambia kila kitu, imondo na yote.

Hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwanza. "Kukata ulikata kwa sababu ya watu," akasema. "Hiyo wengi hukosea. Lakini mimi nilikuuliza peke yako, hapakuwa na mtu wa kukucheka. Hapo ulikuwa unamficha nani?"

 Swali hilo ninalo hata leo.

Walimpasua mara ya pili asubuhi yake. Walitoa kipande cha mfupa kilichooza. Aliishi, Mungu alinisitiri, akaishi miaka mingine thelathini na zaidi, lakini taya lilipona likiwa limepinda, na mdomo wa chini ulikufa ganzi. Uji ukimdondoka hakujua. Kanisani nilikuwa nikigusa kidevu changu kumwashiria, naye ananitazama na kujipangusa. Baba mdogo alipouliza nani alikata zile waya, Wafula alisema, "Ni mimi." Hakuwahi kubadilisha hiyo hadithi, na mimi nilimwacha aibebe mpaka akafa.

Mwezi jana mume wa mjukuu wangu alianguka na pikipiki mteremko wa Kapsokwony, taya likavunjika. Wako Matisi, kule Kitale. Siku hizi wanatumia vyuma vidogo na raba, si waya nyingi kama zetu. Juzi mjukuu wangu alinipigia simu: "Kukhu, wageni wanakuja kesho na amekonda. Nikimtolea raba ale ugali laini kidogo tu, kuna ubaya?" Nikamwambia awape wageni chai na mlango, na ndiyo maana nakueleza haya na wewe.

Mwanangu, ukiachiwa mgonjwa, aibu yako isiwe daktari wake. Aliyekuambia wiki sita anaujua mfupa. Anayecheka sebuleni kwako hajauona. Na kama umekosea, kwa maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo, useme nilifanya hivi, kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama mdomo unatetemeka. Usingoje usaha ukusemee.

Mungu akupe wagonjwa wachache, na kwa hao wachache akupe mkono mtulivu na ulimi usioficha. Mimi bado nikikaa kanisani naona mkono wangu umekwenda kidevuni wenyewe, na kando yangu hakuna wa kujipangusa. Wewe, mtu wako azeeke akitafuna.