Hirizi ya Chini ya Boneti

Baba alipofariki, kila mwanamume wa mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, aliamka na rai kuhusu oili ya gari alilotuachia. Muuza kahawa alikuwa na rai. Jirani ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake alikuwa na rai. Ami yangu, kaka yake baba, alikuwa nazo tatu. Wote walikosea, na mimi niliwashinda wote kwa kukosea, kwa hivyo afadhali nianze na kosa langu.

Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, paa la turubai, rangi ya kijani iliyofifia. Baba alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, kabla sijazaliwa. Ilipofika miaka ya tisini, magari ya aina hiyo yalikuwa yamekwisha kisiwani, na hili letu bado lilikuwa linaegeshwa penye uwazi mdogo karibu na Ndia Kuu, limefunikwa shuka kuukuu la mama. Baba alinifundisha kuliendesha Mbaraki, Jumapili, malori yakiwa yamelala. Watu walimwambia mtoto wa kike hafundishwi gari. Aliwaitikia vizuri, kisha akanifundisha kurudi nyuma.

Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Ami alikuwa na fungu lake katika mirathi, halali yake, na hilo sikulipinga hata siku moja. Nilichopinga ni kwamba fungu hilo alitaka kulikata kwenye gari na si mahali pengine popote.

“Mwanangu,” Ami aliniambia baada ya mama kumaliza eda, “wewe gari hii wataka kuifanyia nini? Yatoa moshi, yagonga. Nimepata mtu Majengo, ataichukua aikate vipandevipande.”

Kukatwa. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa ya pili. Siku hiyo, baada ya swala, nitamkalisha kando yangu nimpeleke Makupa na kumrudisha, jua likiwa utosini, injini isigonge hata mara moja. Ikigonga, auze. Isipogonga, gari ni langu.

Ami alicheka mpaka kofia ikamwenda upande. “Haya,” akasema mbele ya mama. “Isipogonga, itabaki kwako.”

Basi nikaenda duka la spea. Muuzaji alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza gari ni la nani. Nilipomwambia ni langu na ni la spoti, alipanda ngazi akateremsha galoni inayong'aa na kunisifia kwamba hiyo ni oili mpya kabisa, nyepesi, ya magari ya mbio. Niliposikia mbio, akili zikaniruka. Nilitaka sana Ami ashangae. Nililipa, nikaibeba galoni kifuani njia nzima mpaka nyumbani, nikamwaga oili ya zamani nikatia hiyo.

Siku ya tatu nilikoma. Asubuhi mshale wa geji ya presha ya oili ulisimama juu, lakini injini ikipata moto ulishuka ukalala chini kabisa, na mlio ukaanza, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Chini ya gari oili ilitanda. Injini ile ilikuwa imechakaa kwa miaka, nafasi kati ya chuma na chuma zimepanuka, na oili nyepesi ilipita humo na kutoka bila kushika kitu. Ami alipita akienda msikitini, akainua kanzu yake asiichafue, akavuka.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya usafirishaji Shimanzi. Nilimjua fundi mmoja wa malori pale, Mrabai, mtu wa kanisa, mpole, mikono yake imeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Nililipeleka gari kwake polepole, nikisimama kila mara lipoe.

“Dada, hii umeinywesha maji,” alisema alipoitazama oili. “Injini kongwe yataka oili nzito.”

Akaimwaga yangu, akatia ile ya malori. Jioni injini ilinyamaza, nikaenda kulala nikijiona mshindi. Asubuhi nilipowasha, stata iliguna, na ilipokubali, sehemu ya juu ya injini ililia kavu kwa muda mrefu, chuma kikisugua chuma. Fundi mwenyewe alikunja uso nilipomrudia.

“Oili imelala chini, haitaki kupanda,” alisema. “Ukienda hivi kila asubuhi, utaiua injini yenyewe.”

Zilikuwa zimebaki siku nne. Tulisimama wote wawili tukiitazama injini, na ndipo macho yangu yakatua kwenye hirizi.

Ilikuwa kipakiti cha ngozi nyeusi, kimeshonwa pande zote, kimefungwa kwa waya wa shaba karibu na bawaba ya boneti. Sote nyumbani tuliijua. Mama alisema isiguswe. Ami alisema kabla ya kuuza itabidi aitwe mwalimu aje kuitoa kwa kisomo. Na fundi, niligundua, alikuwa amepangusa kila kitu kuizunguka, yenyewe ameiacha na vumbi lake.

“Mimi ni Mkristo, dada,” alisema aliponiona nikitazama. “Lakini hicho sikigusi.”

Hapo nikajiuliza swali ambalo ilinipasa kujiuliza miezi mingi nyuma. Baba hakuwa mtu wa hirizi! Nilipougua surua utotoni, bibi alinivisha moja shingoni, na baba alipotoka kazini aliikata kwa mkasi akaitupa, akasema Mungu hana haja ya kushonewa. Bibi alimnunia wiki nzima. Mtu kama huyo aifunge hirizi kwenye injini, ili iweje? Niliikasirikia nafsi yangu kwanza, kisha ukoo mzima. Nikamwomba fundi wembe. Alinipa, akarudi nyuma hatua tatu.

Nilikata uzi. Ndani mlikuwa na plastiki, na ndani ya plastiki karatasi, mwandiko wa baba, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika barua zake zote. Nilimsomea fundi kwa sauti.

“Oili yake ni ishirini kwa hamsini. Ikiwa baridi huwa ishirini, hupanda upesi. Ikipata moto huwa hamsini, haikimbii. Usitie nyepesi ya magari mapya, itavuja. Usitie nzito ya malori, asubuhi haitafika juu. Badilisha kila miezi mitatu, hata kama hukuliendesha.”

Fundi alisogea akachungulia juu ya bega langu, akaweka kidole karibu na tarakimu. “Lakini hapa ameandika sifuri na nukta.”

“Hiyo ni hamsini.”

“Kwetu hiyo ni sifuri.”

“Kwa Kiarabu hiyo ni tano. Sifuri ni hiyo nukta.”

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikalia palepale katikati ya malori, wala sioni haya kusema. Nilikumbuka baba akilalamika kila mwaka kwamba mafundi humbandulia vikaratasi vyake vya maagizo na kufutia mikono. Mzee alikuwa amepata dawa yao. Hakuna fundi Mombasa, Mwislamu au Mkristo, atakayefutia mikono hirizi.

Mlikuwa na mstari mmoja zaidi, huo sikumsomea fundi. “Mwenye kuifungua hii si mwoga. Gari ni lake.”

Ningeweza kukimbia nayo moja kwa moja kwa Ami. Sikutaka. Angesema karatasi si wasia, na kwa sheria angekuwa na haki. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimemwambia nitamshinda kwa injini, na kwa injini ndivyo nilivyokusudia kumshinda. Nikarudisha karatasi ndani, nikaishona ngozi kwa sindano ya mama, nikaifunga pale pale.

Oili ya ishirini kwa hamsini ilikuwa duka lilelile, rafu ya chini kabisa, galoni zimejaa vumbi. Muuzaji alisema hiyo ni ya vigari vya wazee. Nikamwambia naam, nipe hiyo.

Ijumaa Ami alipanda na kanzu iliyopigwa pasi, akashika mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Barabara ya Makupa ilijaa malori, tukasimama kwenye foleni, jua likituchoma vichwa, injini ikizidi kupata moto. Mshale wa geji ulishuka kidogo. Ukashuka tena kidogo. Ukafika katikati ukasimama hapo, na mimi nikapumua. Tuligeuza, tukarudi, injini ikivuma sauti moja. Ami alikuwa ametega sikio safari nzima, na hakupata alichokuwa akikitafuta.

Nilipoegesha, watu wa barazani walikuwa wanatungoja.

“Mashallah,” alisema Ami. “Sasa hii si ya kukatwa. Sasa tutapata mnunuzi wa maana.”

“Ami, uliahidi.”

“Niliahidi itabaki kwako. Sikusema mpaka lini.”

Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua boneti, joto likanipiga usoni, nikaufungua waya wa shaba na kuiweka hirizi kwenye kiganja chake, bado ya moto.

“Basi ifungue hii, Ami,” nilisema, kwa sauti ya kufika barazani. “Gari haiuzwi na hirizi ya babangu ndani. Mwalimu wa nini? Wewe ndiye mkubwa wetu. Ifungue.”

Ami aliitazama ile ngozi, akanitazama mimi.

“Astaghfirullah. Mimi siifungui.”

“Wembe ninao hapa.”

“Nimesema siifungui! Sitaki kujua kilichomo.” Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana. “Ichukue. Ichukue na gari yako.”

Niliifunga mahali pake nikashusha boneti. Ami aliishi miaka mingi baada ya hapo, na suala la kuuza hakulitaja tena. Kila miezi mitatu nilibadilisha oili palepale, mbele ya macho ya baraza zima.

Siku ile nilipoingia ndani, mama alikuwa dirishani, ameyasikia yote, na ameshika sindano yake iliyopinda ncha.

“Sindano yangu imeshona ngozi,” alisema. “Mlikuwa na nini mle?”

“Jina la mwenye gari,” nikamwambia.