Kigari Kikimbie Uchi Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ambayo mpaka leo hainitoki, mwanangu, na ni wewe uliyenikumbusha kwa picha zako za jana. Kigari chako cha magurudumu matatu, huko Mwiki, kimepakwa rangi nyekundu kinang'aa, taa mbili za shaba mbele, na unasema Jumapili utambeba dada yako mpaka Thika. Nikakuuliza kama ulikiendesha kwanza kikiwa fremu tupu. Ukanitumia picha nyingine! Haya, keti nikwambie.

Nilikuwa sijaolewa bado, kazi yangu kuchomelea vyuma kwenye gereji ya Mzee Gurdev hapa Thika, Kalasinga mwenye kilemba, ndevu nyeupe na mdomo mkali. Kwenye kona alikuwa na kigari cha zamani alichoachiwa na babake. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma, injini ya pikipiki imekaa nje kabisa puani, mlango hakuna, paa hakuna, mkia umechongoka. Nilikipenda, haki ya Mungu. Wenzangu wakienda kula, mimi nilibaki hapo nakipapasa, wananicheka.

Nyumbani kwetu Kiganjo, baba alikuwa amekatwa mguu baada ya ajali ya kazini. Dadake, shangazi yangu niliyemwita tata Njeri, alikuwa mgonjwa sana Ruiru na kila mara alimuulizia. Lakini baba hakwenda. Magari yote yalikuwa juu mno kwake, ilibidi wanaume wambebe mikononi watu wakitazama, na aliapa hatabebwa tena.

Siku niliyoketi kwenye kile kigari niliona kiti kiko chini, karibu na ardhi. Baba angekaa ukingoni, ajitelezeshe, aingie mwenyewe! Nikamwambia, "Baba, nitakujengea kigari. Utafika Ruiru bila kubebwa na mtu."

"Basi harakisha, maitu," akasema. Aliniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikaharakisha kweli. Injini niliitoa kwenye pikipiki iliyokufa, fremu nikaichomelea mwenyewe, halafu bodi. Wee, hiyo bodi! Nililaza bati la alumini juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mbao mpaka mkia ukakubali kujikunja. Asubuhi hiyo ninayokwambia, nilikisukuma katikati ya gereji nikimngoja Mzee Gurdev anisifu.

Alikizunguka, akauliza, "Kimekimbia uchi?"

"Bado, Mzee."

"Kivue nguo."

Hiyo ilikuwa sheria ya gereji yake. Hakuna gari lililovikwa bodi kabla fremu haijakimbia na mzigo. Niliijua vizuri sana, lakini nilimjibu kwa hasira, "Mzee, tata yangu anaumwa! Nitangoja mpaka lini?"

Akanitazama. "Atakayekaa hapa ana mguu mmoja. Kikianguka, ataruka na nini?"

Hilo lilinichoma. Nikafungua nati za bodi nikilia, nikaweka magunia ya mchanga kwenye kiti cha baba, nikawasha. Kona ya kwanza tu, gurudumu la ndani likainuka, kigari kikalala ubavu na kiungo cha nyuma kikapasuka. Niliinuka kiwiko kinavuja damu, nikatafuta magunia. Yalikuwa yamerushwa mpaka ukutani.

Mzee Gurdev hakunipa pole. Alinipa msumeno. "Magurudumu ya mbele yamekaribiana mno. Panua."

"Na bodi? Haitaingia tena."

"Basi kata."

Nikaikata, mwanangu, alumini yangu ile. Wenzangu wakasema nitafute mume niachane na vyuma. Nikawaambia kigari hiki kitafika Ruiru wapende wasipende. Nikapanua fremu, nikaongeza vyuma vya kuishikilia, nikaiendesha bila mzigo, nikaiendesha na mzigo, nikaipitisha kwenye mashimo na kwenye kona mpaka ikakataa kabisa kuanguka. Bodi ya pili niliiunga vipande vipande, ina mabonde, haina rangi. Sikujali.

Baba alikaa ukingoni, akajitelezesha, akalaza magongo kando yake. "Twende," akasema. Kule Ruiru majirani walitoka nje kushangaa, na vijana wawili wakakimbia kumbeba. Baba akainua mkono kuwazuia. Akajivuta, akasimama kwa magongo, akaingia kwa dadake.

"Nani amekuleta?" tata Njeri akauliza kutoka kitandani, machozi yakimtoka.

"Nimekuja," baba akamjibu.

Sasa nisikilize. Sikwambii uache kujenga. Jenga! Lakini leo hii chukua spana, vua hiyo bodi nyekundu, weka mchanga wenye uzito wa dada yako, kisha kata kona bila kukionea huruma. Kikianguka, kata na upanue, hata kama unayokata ni ile sehemu unayoipenda kuliko zote. Watu wakicheka, waache wacheke. Jumapili ikikukuta bado unachomelea, mwambie dada yako asubiri, atakuelewa. Usimpe mtu kiti ambacho hujakijaribu wewe mwenyewe.

Mungu akuzidishie nguvu za mikono, mwanangu, na ukaidi wa kuanza upya. Na siku utakayombeba dada yako, awafikishe nyote wawili wazima, mkiwa bado mnacheka.