Pingu Moja, Mikono Miwili

Umma wa abiria unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, na kwa mhuri uliogongwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza wino uligoma, kwamba Koplo Kivuli, tegemeo la polisi wa reli na tishio la vibaka wote wa treni za mjini, ameondolewa kwenye upelelezi na kukabidhiwa ulinzi wa geti la kutokea. Tangazo halisemi kwa nini. Matangazo nayo yana haya zake.

Kivuli ni jina alilopewa kikosini. Alikuwa na sura ambayo ukiitazama unaisahau kabla hujageuza shingo, na kwa askari kanzu huo ni mtaji. Alipanda treni akiwa amevaa kama mchukuzi wa mizigo: shati limechanika kwapani, suruali imepauka magotini. Ukweni alisema kwamba yuko "reli, ofisini," kama wakubwa wake walivyomwagiza, na mama mkwe alilipenda neno ofisini kuliko alivyompenda yeye.

Siku ya mkasa alimwona jamaa mmoja, suti na tai, kalamu mbili mfukoni, akichomoa simu kwenye mkoba wa dada aliyekuwa anashuka. Milango ikajifunga, dada akabaki nje. Kivuli akafuata utaratibu wa kikosi, ule wa kumzuia mtuhumiwa asitoroke kituo kinachofuata: pingu upande mmoja kwenye mkono wa jamaa, upande wa pili kwenye mkono wake mwenyewe.

Behewa likageuka kutazama. Huku suti. Huku kwapa liko wazi. Nani kamkamata nani? Abiria hawakuitisha kikao.

"Hongera afande!" mama mmoja mwenye kikapu akamwambia mwizi.

Mwizi hakuwa mjinga. Akanyoosha tai. "Asante mama. Ndiyo kazi yetu."

"Askari ni mimi!" Kivuli akabwata.

"Na mimi ni rubani," akadakia mtu wa dirishani, na behewa zima likaangua kicheko.

Kitambulisho kilikuwa mfuko wa nyuma, upande wa mkono wenye pingu. Alipoupeleka mkono huko, na wa mwizi ukaburutwa hadi makalioni kwake.

"Mnamwona?" mwizi akalalamika. "Yuko na pingu, bado anachokoa mifuko!"

"Mfuko wangu mwenyewe!"

Wanaume wawili wakamkaba, wakambana ukutani. Angeweza kupiga kelele hadi kituo cha mwisho, lakini watu wakapisha njia, na katikati yao akatokea mama mkwe wake, kakumbatia mkoba, macho kwenye lile kwapa.

"Mkwe wangu? Ofisini kwenyewe ndiyo huku?"

Kubishana na behewa zima Kivuli aliweza. Kubishana na mama wa mke wake, akiwa ndani ya shati lile, hakujua hata aanzie wapi. Akainamisha kichwa, na kila mtu akaona kwamba amekiri.

Mama akamgeukia mwizi. "Afande, nisitiri mwenzio. Huyu kamuoa binti yangu, wajukuu wangu wanamwita baba. Msamehe, nitamsema mwenyewe."

Mwizi akatafakari kama waziri. "Kwa heshima yako tu, mama. Ila ufunguo kaniibia, kauficha kwenye kiatu."

Na kweli ulikuwa kwenye kiatu. Askari wote wa kikosi huuficha humo kwa kuogopa vibaka, na vibaka wote wanajua. Mama mkwe akapiga magoti, akamvua mkwewe kiatu mbele za watu. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia kuona kelele ni za nini. Akaupata ufunguo, akafungua pingu. Treni iliposimama, wale wanaume bado wamembana Kivuli, mwizi akamwinamia mama kwa adabu.

"Badilika, kaka," akamwambia Kivuli, akashuka na simu yake. Yaani ya yule dada.

Nyumbani, mkewe alitaka kwenda mara moja kwa mama yake kumweleza ukweli.

"Umwambie nini?" Kivuli akamzuia. "Kwamba kampigia mwizi magoti, kisha kamfungulia kwa mikono yake? Atakufa kwa aibu."

"Na wewe je?"

"Mimi si nimeshakufa?"

Mkubwa wake, alipomaliza kucheka, akaona kwamba sura ile sasa inajulikana treni nzima, akampa sare na geti. Mama mkwe akapita hapo asubuhi moja, akasimama ghafla. Akaitazama kofia, akavitazama vifungo, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe yule afande alikutafutia na kazi! Nilijua tu, yule kijana ana roho nzuri. Ukimwona mpe salamu zangu nyingi, umesikia baba?"

Nyuma yake abiria walikuwa wamejazana, wengine wameshaanza kutabasamu. Kivuli akamfungulia geti.

"Namtafuta, mama."