Mwanamke Aliyekaa Kwenye Kiti Changu

Sijui wewe ni mtu wa kuamini nini. Mimi mwenyewe nilikuwa mgumu; niliwacheka wanawake wa mtaa wetu wa Lemara walipokaa barazani wakisimuliana mambo ya Mlima Meru. Siku hizi nakaa nao, na hii ni zamu yangu. Hili sikuhadithiwa. Lilinipata mimi, tena mchana, na wote waliokuwa kwenye gari letu wako hai. Waulize mmoja mmoja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Arusha yalipoanza kujaa vitu na magari ya mtumba yakawa yanaingia kutoka Japani. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na duka dogo la vipuri, na mwaka huo akajipatia Corolla nyeupe, maandishi ya Kijapani bado yamebandikwa kwenye kioo. Ndugu yangu, familia yenye gari wakati ule haikai nyumbani Jumamosi. Tulikuwa tunatafuta tu pa kwenda.

Jumamosi hiyo tukaenda Momela kuangalia wanyama. Tulikuwa watano: Baba Neema kwenye usukani, mimi pembeni yake na Upendo wetu wa miaka minne mapajani, na nyuma Neema wa miaka tisa pamoja na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Machame baada ya kufiwa na mumewe.

Niseme ukweli kuhusu mama mkwe. Tulikuwa hatupatani. Yeye Mchaga, mimi Mmeru wa Poli, na hakuwahi kusahau kwamba mwanaye aliwapita wasichana wote wa Machame akaja kunichukua mimi. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," huku naangalia mlango. Anajibu, "Marahaba," huku anaangalia sufuria. Basi, kwa siku hiyo tumemaliza.

Hata hivyo asubuhi ile ilikuwa nzuri. Twiga walisimama barabarani wakatuangalia kama sisi ndio tuliowekwa hifadhini. Ziwani flamingo walikuwa wengi hadi maji yamegeuka rangi. Upendo alimwona ngiri anakimbia na mkia juu, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mchana tukala wali na kuku juu ya boneti, kisha tukatoka hifadhini tukapanda barabara ya udongo hadi shamba la Mwalimu Elirehema.

Mwalimu alikuwa amestaafu. Upande mmoja alibakiza migomba na kahawa, upande wa pili akapanda stroberi, matuta marefu kuelekea msituni, na mwishoni kabisa ukawepo ua mrefu wa vichaka vya rasiberi, vyenye miiba na matunda madogo mekundu. Mgeni unapewa kikapu, unachuma mwenyewe. Getini alituhesabu kwa kidole, "Watano," akatuambia jambo moja tu: "Ukungu ukishuka, rudini garini wote pamoja. Asibaki mtu."

Nilidhani anaogopa nyati.

Kama saa tisa hivi ukungu ukashuka. Mume wangu akaita, wenzangu wakaanza kurudi. Mimi nilikuwa kule kwenye ua, kwa sababu rasiberi zilizoiva vizuri ziko huko karibu na msitu. Nikasema nichume kiganja kimoja cha mwisho. Nani hajawahi kusema hivyo?

Hapo nikasikia mtu anaita, "Upendo! Njoo mama, njoo nikufute mikono."

Ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu, pamoja na mafua niliyokuwa nayo wiki ile. Na mwanangu akaitika, "Abee mama!" anacheka.

Nilitupa kikapu nikakimbia. Sijui kama umewahi kukimbia kwenye ukungu wa Meru. Hata miguu yako huioni. Nilianguka mara mbili. Nilipofika garini, milango imefungwa, injini inaunguruma, na kwenye kiti cha mbele nilikuwa nimekaa mimi.

Gauni la kitenge cha kijani, lile lile. Kilemba kile kile, na pindo lake lililoungua na pasi. Kovu dogo la kidevuni. Upendo alikuwa amelala mapajani mwake, kidole mdomoni, ametulia kabisa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nikapiga kioo. "Baba Neema! Fungua!"

Mume wangu akanitazama, akamtazama yule, akazima gari. Neema alipiga kelele akaficha uso kwenye shali la bibi yake. Yule mwanamke akateremsha kioo nusu, akasema kwa upole, "Mume wangu, usimfungulie. Mwalimu si alituonya? Hiki ndicho alichokuwa anakiogopa."

Unaiona akili yake? Maneno ambayo ningeyasema mimi, ameshayawahi.

Baba Neema ni mtu wa ushahidi. Akaanza kutuuliza maswali. "Siku ya posa, nani alimwaga pombe ya mbege?"

"Mjomba Elifasi," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

"Neema alizaliwa saa ngapi?"

Yule akaniwahi: "Alfajiri, mvua inanyesha, na wewe ulikuja hospitali umevaa viatu viwili tofauti."

Hata viatu! Mimi viatu nilikuwa nimevisahau. Kila nilichokijua alikijua, na alikisema vizuri kuliko mimi. Mimi nina matope hadi magotini, kilemba kimedondoka, nalia, natukana. Yeye safi. Niambie, wewe ungemchagua nani?

Niliuona mkono wa mume wangu unarudi kwenye ufunguo. Niamini, nimezaa mara mbili, nimemzika mama yangu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyouogopa mkono ule.

Yule naye akaona ameshinda. Akageuka nyuma, akamrekebishia mama mkwe shali begani, akamshika mkono. "Mama yangu mpenzi," akasema, "usiogope. Niko hapa. Tunakwenda nyumbani."

Mama mkwe aliutazama ule mkono uliomshika.

"Shuka," akasema.

"Mama?"

"Shuka kwenye gari la mwanangu. Mke wa mwanangu huu ni mwaka wa sita nakaa naye. Ni mkaidi. Chumvi hajui kuipima. Mkono wangu ameushika mara moja tu, nilipoharisha wiki nzima. Alininyanyua usiku na mchana, akafua mashuka yangu, na hakunipa neno moja tamu." Akaninyooshea kidole mimi pale kwenye matope. "Anayenichukia ni yule. Wewe sikujui."

Jamani! Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo maishani mwangu.

Yule akamkumbatia Upendo kwa nguvu, mtoto akaamka analia. Nilipousikia ule mlio, hofu yote ikanitoka. Nikaingiza mkono kwenye kioo kilichoteremshwa, nikanyanyua kifungio, mlango ukafunguka. Nikamkamata mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Toka kwenye kiti changu," nikamwambia. "Nipe mwanangu."

Baba Neema, akili zimemrudia, akamnyakua Upendo. Mama mkwe akasukuma kutoka nyuma kwa mikono miwili, anamkemea kwa Kichaga, na mimi navuta kwa mbele, namkemea kwa Kimeru. Akatoka. Na alikuwa mwepesi! Nilijiandaa kwa uzito wa mtu, nikapata uzito wa mzigo wa majani makavu ya migomba, hadi nikaanguka chali.

Yeye alisimama, hana hata tone la tope. Akanitazama kwa uso wangu. Ukungu ulikuwa umeanza kuchanika, tukamwona sote akitembea juu ya matuta hadi kwenye ua wa rasiberi, akapita katikati ya miiba, na hakuna mwiba ulioshika gauni lake. Alipoingia msituni, mbega wote wa upande ule wakanguruma kwa pamoja. Mtu wa Meru anajua, mbega hunguruma alfajiri. Wale walinguruma alasiri, kisha wakanyamaza wote kwa mara moja.

Mwalimu alikuja mbio na panga. Alituhesabu, akaketi chini pale pale kwenye matope. "Mmemshindaje?" akauliza.

Mama mkwe akamjibu kwa swali: "Kwani kuna walioshindwa?"

Mwalimu akageuza uso kwenye banda la vikapu. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, jembe mkononi. Jina lake Anjela. Msimu uliopita alikuja pale na mumewe na watoto wao watatu. Ukungu ukashuka, gari likaondoka na watu kamili, na jioni Anjela akagonga mlango wa Mwalimu akisema ameachwa. Mwalimu alimpeleka mwenyewe kwao Olasiti. Mumewe akachungulia nje, akageuka akamwona mkewe amekaa mezani nyuma yake, akafungulia mbwa. Tangu siku hiyo Anjela anapalilia stroberi.

Nilitarajia mama mkwe aseme twende zetu. Akasema, "Neema, sogea. Anjela mwanangu, panda."

Tulifika Olasiti bado jua lipo. Anjela tukamwacha garini na Neema na Upendo. Mume wa Anjela alitufungulia kwa heshima ya mama mkwe. Nani atamfungia mlango bibi mwenye mvi? Jikoni tulimsikia yule mwingine anaimba huku anakatakata mboga. Mama mkwe akajiweka kwenye kochi, akamwambia yule baba na watoto wake: "Sitaki chai. Nataka kila mmoja aniambie kitu ambacho mama wa nyumba hii alikuwa anamfanyia kikamuudhi, na sasa hakifanyi tena."

Wakatazamana. Mtoto wa mwisho akasema, "Alikuwa ananisuka ananiumiza." Wa kati akasema mama alikuwa anamwita kwa jina la kaka yake. Mkubwa akasema, "Alikuwa anasoma barua zangu."

"Alikuwa anakoroma," baba yao akasema, akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamkauka. "Na alikuwa hasamehi haraka. Huyu ananisamehe hata kabla sijakosea." Akasimama, mikono kichwani.

Jikoni wimbo ukakatika.

Tulipokwenda kuangalia, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, jiko linawaka, mchicha umekatwa nusu. Nilitoka mbio nikamfungulia Anjela mlango wa gari. Mayowe ya wale watoto yalileta mtaa mzima. Mama wa watu aliingizwa ndani amebebwa juu juu, mikono imejaa udongo wa shamba, na kitu cha kwanza alichokisema ni kwa nini viatu vimetapakaa sebuleni. Mumewe alipousikia ugomvi ule alikaa sakafuni akalia kama mtoto. Kurudi Lemara tuliimba mapambio njia nzima, mama mkwe akiongoza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Miaka imepita. Mwalimu aling'oa rasiberi zote akapanda viazi. Familia ya Anjela na yetu huenda Momela pamoja kila mwaka, magari mawili, na hakuna ukungu uliotuzuia. Lakini mkono wangu wa kulia, huu niliomkamatia, hali ya hewa ikibadilika mlimani unakufa ganzi hadi begani. Madaktari wawili wameupima. Hawajaona kitu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, wapeleke watoto wako mlimani, wakaone twiga, wakachume matunda wapake midomo rangi. Usiache kwa ajili yangu. Ila kama kuna mtu wako aliyerudi kutoka matembezini mpole kupita kawaida, hanuni, hakatai, hachoki, usiharakishe kumshukuru Mungu. Kaa chini umkumbuke vizuri alivyokuwa. Kisha panda gari, uende ukaulize mashambani ni nani anayepalilia.