Matawi ya Mwelwa

Liévin Katongo alijulikana kama dereva anayeokota mawe ya wengine. Kuanzia mtaa wa Kamalondo mjini, alikozaliwa na anakoishi mpaka leo, hadi mpakani Kasumbalesa, watu walimtambua hivyo. Lori likiharibika njiani, dereva huzuia magurudumu kwa mawe, kisha hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, hatua mia moja na zaidi, ili anayekuja ajue kwamba mbele kuna hatari. Akimaliza kutengeneza, anapaswa kuondoa vyote. Wengi huondoka tu. Liévin alikuwa akisimama, anashuka, anatupa mawe majanini, anaondoa matawi yaliyosahauliwa, kisha anapanda tena. Alifanya hivyo miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyemtuma.

Hakuwa mtu laini. Barabara ile haimwachi mtu akabaki laini. Meno yake mawili ya mbele aliyapoteza kwa nondo ya wezi wa mizigo, na yeye mwenyewe aliwahi kumpasua mtu kichwa kwa spana ya magurudumu alipomkuta anakata turubai lake. Aliwahi pia kuona dereva aliyegonga mtoto akichomwa ndani ya kabine yake, mikono ikigonga kioo mpaka ikaacha. Tangu siku hiyo madereva wa njia ile walikubaliana jambo moja. Ukimkuta mwenzako amezungukwa na watu, unaweka lori lako kando yake, mwingine anaweka lake nyuma yako, mnamtoa. Makosa yataulizwa baadaye, mbele ya polisi, mtu akiwa bado mzima.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kumi, saa sita mchana, joto linapanda kutoka kwenye lami kama mvuke wa sufuria. Liévin alikuwa anarudi mjini na mifuko ya saruji. Kabla ya kona moja wanapouza makala, yaani mkaa wa kupikia, alikuta matawi barabarani. Alitazama mbele, hakuona lori. Alitazama majani, yalikuwa yamenyauka na kujikunja. Kila dereva anajua kusoma majani: yakiwa mabichi, gari bado lipo, yakikauka, limeshaondoka. Lakini kila dereva anajua pia kwamba penye kona unapita kona kwanza kwa miguu, ndipo unagusa matawi. Goti lake lilikuwa linauma. Hakupita kona. Aliyavuta yote matano, akayatupa kwenye nyasi ndefu, akapanda gari akiwa ameridhika.

Baada ya kona, lori la Mwelwa lilikuwa limesimama katikati ya njia yake.

Mwelwa alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Alilala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshika na halizunguki. Liévin alilikwepa lori lile kwa upana wa kiganja, akasimama mbele yake, akaruka chini bila kuzima injini. Hakumsalimu Mwelwa. Alikimbia kurudi kwenye kona, akivua shati ili alipeperushe.

Pikipiki ilikuwa imeshafika. Aliyeiendesha aliitwa Hénoc, kijana wa pale pale, na nyuma alibeba magunia mawili ya makala. Hénoc alimjua Liévin, kama watu wote wa pale walivyomjua. Alipomwona anapeperusha shati alicheka, akainua mkono kumsalimu, akapita.

Mlio haukuwa mkubwa. Liévin alipogeuka, pikipiki ilikuwa imeingia chini ya lori mpaka usukani, na Hénoc amelala juu ya makala yaliyomwagika, shingo imegeukia upande usiofaa. Damu ilikuwa inatafuta njia kati ya vipande vyeusi.

Wauza makala walikuja mbio kutoka pande zote mbili za barabara. Walimvuta Mwelwa kwa miguu kutoka chini ya gari lake, na kabla hajasimama, teke la kwanza lilimfunga jicho. Aliyepiga alikuwa Chama, kaka mkubwa wa Hénoc, mtu mpana mwenye mikono ya kupasua kuni. Wengine walifuata kwa fimbo, kwa koleo, kwa mawe yale yale yaliyokuwa yamezuia magurudumu.

"Hakuweka matawi," Chama alisema, akipiga kwa kila neno. "Aliacha gari mu njia. Alilala chini yake sawa muntu iko kwake."

"Niliweka," Mwelwa alisema mdomo ukiwa umejaa damu. "Na mukono yangu, asubui. Niliweka."

"Iko wapi? Tuonyeshe."

Mwelwa alitazama nyuma. Lami ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Uso wake ulionyesha mshangao kuliko maumivu, na mshangao ule ndio uliomchoma Liévin. Mtu mmoja alikuwa ameshaivuta pikipiki kutoka chini ya lori, ameiegemeza na anachuruzisha petroli kwenye chupa.

Mama mmoja alimshika Liévin mkono. Alikuwa Marie-Thérèse, ambaye Liévin alikuwa akinunua makala kwake kila safari.

"Ba Liévin, panda mu gari yako, uende," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hii haiko mambo yako. Hakuna mwenye anakuangalia."

Ilikuwa kweli. Injini ilikuwa inanguruma, mlango uko wazi, njia ya kwenda mjini haina mtu. Hakuna aliyemwona akigusa matawi; wauza makala walikuwa kivulini ng'ambo ya kona, wamekimbia joto. Alihitaji hatua ishirini tu.

"Iko yangu, mama," alisema, akatoa mkono wake.

Aliingia katikati ya watu kwa mabega. Alipigwa kiwiko, akarudisha ngumi, akafika alipolala Mwelwa, akasimama juu yake miguu huku na huku.

"Aliweka matawi. Miye njo nilibatosha mu njia, nilibatupa."

Mtu mmoja katika kundi akawacheka madereva wote wawili.

"Musikie bachauffeur. Mumoja anakunya, mwingine anafunika. Tunabajua."

"Anamukinga mwenzake," Chama alisema. "Toka, ba Liévin. Weye tunakuheshimu. Toka, petroli isikupate."

Liévin hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote madereva walikingana, kwa kweli na kwa uongo, na sasa ukweli wake ulisikika kama uongo wa kawaida. Chupa ilipita juu ya bega lake; petroli ilimwangukia Mwelwa kifuani na kumrukia yeye kwenye suruali. Aliona kiberiti mkononi mwa Chama.

"Beko mu majani, kule mbele ya kona," alisema. "Matano. Kama habako, utuchome bawili."

Walikwenda. Yeye mbele, Mwelwa akiburutwa na Chama nyuma yake kwa kola, na njiani fimbo zilimshukia Liévin, kila mtu akimpiga alivyoweza kumfikia. Pigo moja lilimpasua sikio. Hakukinga kichwa, kwa sababu alikuwa anahesabu miti ya kando ili asipite mahali penyewe. Alipofika alipiga magoti kwenye nyasi, akatoa tawi la kwanza, la pili, yote. Kila moja lilikuwa limekatwa kwa panga, na kwenye kila shina Mwelwa alikuwa amefunga kipande cha turubai la bluu, kama alivyozoea, ili lionekane kwa mbali. Turubai la lori lake lilikuwa la bluu ile ile, limechanika pembeni.

Chama alishika kitambaa kile, akakitazama muda mrefu. Kisha akamwachia Mwelwa, akamgeukia Liévin.

"Alikupungia mukono," alisema. "Nilimuona. Alikusalimia."

"Ndiyo."

Chama alimpiga kwa shina la lile tawi. Liévin alikinga uso, na pigo la pili likavunja vidole vya mkono wa kulia. Akaanguka. Wakamkanyaga mkono wa kushoto kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotwanga. Alisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu.

Alichosikia baadaye kilikuwa honi. Madereva waliokuwa wanatoka mpakani walikuwa wameona. Anaclet, dereva mnene wa lori la tangi, alipitisha gari lake kwenye nyasi mpaka watu wakaruka pembeni. La pili likaja nyuma yake, la tatu likafunga upande wa pili. Ukawa ukuta wa chuma. Anaclet alishuka na spana mkononi, akampiga mtu mmoja begani, mwingine gotini.

"Ni miye, Anaclet," Liévin alisema kutoka chini. "Batu habana kosa. Njo miye nilitosha matawi."

"Sikukuuliza," Anaclet alisema, akamtupa ndani ya kabine kama mfuko, na Mwelwa juu yake.

Hospitalini walimfunga mikono yote miwili mpaka viwiko. Siku ya tatu Mwelwa alikuja, kichwa kimefungwa, na sahani ya bukari, ugali wa kwao, na mboga za lengalenga. Aliketi kitandani, akafinyanga tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni mwa Liévin.

"Nilibakata saa kumi na mbili," Mwelwa alisema. "Jua iliyakausha. Nilipashwa kukata ingine."

"Nilipashwa kupita kona kwanza."

"Kula, yaya," Mwelwa alisema, akimwita kaka.

Alikula. Hawakulizungumza tena. Mbele ya jaji Liévin alisema yale yale aliyosema barabarani, akafungwa miezi minane kwa kifo cha Hénoc. Alipotoka, vidole vilikuwa havikunjiki na hakuna aliyempa lori.

Siku hizi Mwelwa humchukua mara moja moja, kumtembeza tu. Mwezi uliopita walikuta jiwe kubwa limeachwa barabarani kabla ya kona ile ile. Mwelwa alisimama. Liévin alifungua mlango kwa kiwiko, akashuka, akaacha jiwe mahali pake, akatembea kwa goti lake bovu mpaka ng'ambo ya kona. Alitazama. Hakukuwa na kitu. Akarudi, akaanza kulisukuma jiwe kwa mguu kuelekea nyasini.

Chama alikuwa amesimama pale kwenye kona, kando ya magunia yake ya makala. Hakusaidia. Hakuokota fimbo pia. Alimtazama Liévin mpaka jiwe likatoka kwenye lami, ndipo akageuka kuendelea kushona gunia.